Mgongo umekaza? Haya ndiyo ya kutarajia ukienda kukandwa

Umeamka asubuhi, unataka kugeuza shingo uangalie saa kwenye simu, shingo inakataa. Inabidi ugeuke mwili mzima kama roboti. Unameza tembe mbili za maumivu, unavaa sweta kwa sababu baridi ya Meru haina huruma, unaondoka kwenda kazini. Jioni unarudi vilevile, kesho unaanza upya.

Kama huyo ni wewe, usidhani ni uzee umekujia mapema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwaka 2020 takriban watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani mtu 1 kati ya 13. Na huku kwetu sababu tunaziona kila siku. Kuna kijana wa boda anayepiga trip za Makutano hadi Nkubu kutwa nzima. Kuna dada anayechuma majani chai Githongo au kule juu Mungania, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kuna wanaofunga miraa Maua wakiwa wameinama tangu alfajiri, maana miraa haimngoji mtu. Halafu kuna wewe wa chuo, laptopu juu ya kitanda, shingo imepinda hadi saa nane usiku.

Wengi wetu tukifika hapo tunaambiwa, "Enda ukandwe, utakuwa fiti." Sawa. Lakini ukandwe na nani, vipi, na utoke hapo ukiwaje? Hilo hakuna anayekuambia.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Mimi nilijifunza kwa njia ngumu. Mgongo ulinisumbua wiki tatu, nikaingia mahali fulani mjini Meru palipoandikwa "masaji". Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nililala kifudifudi, jamaa akanimwagia mafuta, akapanda na kiwiko. Nilipolia akaniambia, "Vumilia kijana, ndiyo inatoka hiyo." Nikavumilia, si mimi ni mwanaume? Kesho yake damu ilikuwa imevilia mgongoni na sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu.

Baada ya mwezi nikashuka Embu kwa shughuli nyingine, rafiki akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo mama alikaa nami karibu dakika ishirini kabla hajanigusa. Nikamwambia, "Daktari, maumivu yako hapa." Akajibu, "Nimesikia. Sasa niambie unafanya kazi gani, na unalala vipi." Hapo ndipo nilielewa kwamba tofauti kubwa haiko kwenye nguvu za mikono.

Fashia ni nini?

Ukienda kwa bucha ukakatiwa nyama, umeona ule utando mwembamba mweupe unaofunika misuli, ule unaonata kwenye kisu? Huo ndio fashia. Nasi tunao, kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo. Umefunika misuli, umepita katikati yake na kuishikanisha na sehemu nyingine za mwili.

Fikiria sweta uliyoivaa. Mtu akivuta pindo la chini, unahisi hadi begani. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kukushika nyonga ilhali wewe unalalamikia mgongo. Usishangae, hajapotea njia.

Masaji ya kawaida ni kusugua na kukanda misuli, mara nyingi kwa mafuta, mikono ikienda na kurudi. Tiba ya kulegeza fashia iko tofauti. Mafuta ni kidogo sana au hakuna kabisa, kwa sababu mkono unatakiwa kushika ngozi, usiteleze. Mtaalamu anaweka mgandamizo wa polepole sehemu moja na kungoja, dakika mbili, tatu, hata tano. Ukiwa umezoea kuona watu wakipigwapigwa mgongo kama unga wa chapati, utadhani huyu amelala.

Je, inafanya kazi? Jibu la ukweli ni hili: watu wengi hupata nafuu, hasa ya muda mfupi, lakini wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Zamani ilisemwa mikono inayeyusha fashia iliyokaza. Siku hizi wengi wanaona kwamba fashia ni ngumu mno kubadilishwa na vidole kirahisi hivyo, na kwamba huenda kinachotulia zaidi ni mishipa ya fahamu, ambayo huacha kuiamuru misuli ikaze. Desemba 2023, WHO ilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, masaji ilikuwa miongoni mwa tiba zilizokubalika. Lakini haikusimama peke yake. Ilitajwa pamoja na mazoezi na kumfundisha mgonjwa kuhusu hali yake.

Siku yenyewe itakuwa hivi

Kwanza, maswali. Maumivu yalianza lini? Yanashuka mguuni? Ulianguka? Una kisukari au presha? Unatumia dawa gani? Kama una mimba, sema. Kama unatafuna miraa au muguka, sema pia, usione haya. Vitu hivyo huchangamsha mwili, hupandisha presha na mapigo ya moyo, na huficha uchovu. Unaweza kulala pale ukidhani huumii kumbe mwili umedanganywa.

Pili, utaambiwa usimame, uiname, ugeuke huku na kule. Anaangalia ni wapi panakataa.

Tatu, nguo. Hili ndilo linalowatia wengi baridi. Utavua sehemu inayotibiwa tu, na mwili uliobaki utafunikwa kwa shuka au taulo. Yeye anatoka nje au anageuka ukivua. Dada, kama ungependa kuhudumiwa na mwanamke, omba. Kama ungependa kuingia na rafiki, uliza. Na hakuna mgongo unaotibiwa kwa kugusa sehemu za siri bila kuelezwa sababu na bila wewe kukubali. Ikitokea hivyo, inuka, vaa, ondoka, karipoti polisi. Hiyo si tiba.

Nne, mikono. Tarajia kuhisi kuvutwa, joto, au kama ngozi inachomachoma. Wakati mwingine anabonyeza begani unasikia maumivu kichwani. Kipimo ni rahisi: toka 0 hadi 10, maumivu yasipite 5. Ukiona unafunga meno na kushikilia pumzi, imezidi. Sema, "Punguza" au "Basi." Kuvumilia hakukuponyi haraka. Misuli inayoogopa hukaza zaidi.

Kuna wanaolia machozi hapo kitandani bila kujua sababu, na wapo wanaokoroma. Yote ni kawaida.

Kipindi kimoja huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Uliza bei kabla, uliza pia anatarajia urudi mara ngapi. Anayekuambia ulipie vipindi ishirini mapema kabla hata hajakupima, huyo anatibu mfuko wake.

Ukishatoka

Unaweza kuwa mwepesi hadi ukajiuliza kama huo mgongo ni wako. Unaweza pia kuumwa kidogo siku moja au mbili, kama mtu aliyetoka gym baada ya kupotea muda mrefu. Hiyo ni poa. Maumivu yanayozidi baada ya siku mbili, ganzi mpya au kuvilia kwa damu si poa; rudi ukaseme.

Kunywa maji ukiwa na kiu, lakini ile hadithi ya kwamba masaji "inatoa sumu mwilini" iache. Kuchuja uchafu wa damu ni kazi ya maini na figo, na kiwiko cha mtu hakiwasaidii. Na tafadhali, usitoke kwenye kitanda ukarudi moja kwa moja kubeba magunia Gakoromone. Jipe angalau hiyo jioni.

Usikubali kukandwa kama…

Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa. Huenda ni damu iliyoganda, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Nenda hospitali mara moja.

Una homa, umevunjika mfupa, umepata ajali ya boda majuzi, au ngozi ina kidonda. Ngoja kwanza upimwe. Unaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ongea na daktari wako kabla.

Na kuna maumivu ya mgongo yasiyo ya masaji kabisa: yakija na ganzi katikati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura. Yakija na kukonda bila sababu, au kukuamsha kila usiku, tafuta daktari. Hapo ndipo kwenda "kukandwa kandwa" kunakupotezea wiki ambazo ungezihitaji.

Utampata wapi mtu wa maana?

Anzia hospitali za rufaa za kaunti, ya Meru na ya Embu. Zina idara za fiziotherapia, na huko watu wanatibiwa kila siku bila mbwembwe. Ukienda kliniki ya kibinafsi, kumbuka Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyoleta baraza la kuwasajili na kuwapa leseni. Uliza leseni kama isiyoisha muda ipo. Anayejua kazi yake atakuonyesha ukutani. Anayekasirika amekujibu tayari.

Hii haimaanishi kila anayefanya masaji bila kuwa fizio ni mbaya. Ukitaka tu kutuliza mwili baada ya wiki ndefu, mtu aliyefunzwa masaji anatosha. Ila ugonjwa upimwe na anayejua kupima.

Na usione kama ni anasa ya watalii. Wanariadha wetu hawaioni hivyo. Kwa miaka mingi timu ya Kenya ya mbio za nyika ilipiga kambi hapa Embu, Chuo cha Walimu cha Kigari, enzi zile wanaume wetu walipochukua taji la dunia la timu mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. Leo, nyuma ya Eliud Kipchoge kuna Peter Nduhiu, fizio wake wa miaka mingi. Kwa watu wanaoishi kwa miguu yao, kukandwa ni sehemu ya kazi.

Ya kufanya nyumbani

Tafuta mpira wa tenisi, au soksi uliyoikunja ikakaza. Simama, uweke kati ya mgongo na ukuta, pembeni mwa uti wa mgongo, usiuweke juu ya mfupa. Egemea taratibu panapouma, pumua, hesabu hadi dakika moja au mbili, kisha sogea. Mtu wa boda, shuka kwenye pikipiki kila saa, utembee hata dakika tatu. Mwanafunzi, inua hiyo laptopu juu ya vitabu ambavyo hujasoma.

Yule mama wa Embu alinikanda mara nne tu. Mara ya tano alinifundisha mazoezi matatu, akaniambia, "Sasa mgongo ni wako, usiniletee tena." Hadi leo nayafanya kila asubuhi kabla ya chai. Siku nikiyaruka wiki nzima, shingo inanikumbusha.