Sahihi ya Baba na Haki ya Msichana Kusoma

Wengi wenu huko Maskati, Dubai na Doha mna mabinti wa ndugu zenu walioko Tanga, Tabora, Dodoma au Kigoma. Ada ya shule mnatuma ninyi, na shauri kubwa la nyumbani halipitishwi mpaka simu ipigwe Ghuba. Siku nyingine simu haiji kwa ajili ya ada. Kuna mchumba. Binti ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na upande wa pili wana haraka. Wanalotaka ni neno la baba, na kama baba hayupo, wanamtafuta ami. Kabla ya kulitoa neno hilo inafaa kujua sheria inasemaje, na namna mwanamke mmoja kijana alivyoifikisha mahakamani.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar haimo, na huko ndoa za Waislamu hupitia kwa kadhi. Kwa wakati wake haikuwa sheria mbaya. Iliagiza ndoa ziandikishwe, na ilimtambua mke kuwa mtu anayeweza kumiliki mali yake mwenyewe. Tatizo lilikuwa katika vifungu viwili. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa kuwa miaka 15. Mahakama ikiona sababu maalumu, iliweza kuruhusu hata miaka 14. Kifungu cha 17 kilisema msichana aliye chini ya miaka 18 aolewe kwa ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa wamefariki, ya mlezi.

Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na karani husoma karatasi kwa kutazama inamtaka nani atie sahihi. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa ni ya hiari. Lakini kama mtoto hajafika umri wa kujitilia sahihi mwenyewe mpaka baba amtilie, hiari hiyo ni ya nani?

Swali hilo ndilo alilolipeleka Rebeca Gyumi katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, mwaka 2016. Bi Rebeca ni mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana walimfahamu kwa vipindi vya Femina, na baadaye akaanzisha shirika la Msichana Initiative linalotetea elimu ya wasichana. Akiwa na wakili Jebra Kambole, alidai kuwa vifungu vile viwili vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu vinambagua msichana na kumkatiza masomo: mwenzake wa kiume analindwa mpaka miaka 18, yeye anatolewa darasani akiwa na 15.

Tarehe 8 Julai 2016 jopo la majaji watatu lilikubaliana naye. Halikuvifuta vifungu papo hapo, bali liliipa serikali mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote wawili. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini, na kwamba msichana hupevuka mapema kuliko mvulana. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Juu ya hapo hakuna mahakama nyingine nchini.

Je, amri ya mahakama ilitosha? Mwaka uliotolewa ulipita, na Bunge halikuwa limebadilisha maneno ya vifungu hivyo. Hapo ndipo watu wengi hubabaika, wakidhani kwamba mambo yamebaki kama zamani. Someni ibara ya 30(5) ya Katiba. Inasema kwamba mahakama ikiipa serikali muda, sheria yenye kasoro huhesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, lolote litakalotangulia. Muda ukiisha, atakayekuonyesha kitabu cha mwaka 1971 anakuonyesha wino tu.

Tena ipo sheria ya pili, na hiyo ina meno. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge liliongeza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu. Ni kosa kumwoa au kumwoza mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na anayemwoa au kumpa mimba anaweza kufungwa miaka 30. Na aliyepata mimba hakufungiwa mlango tena: tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wasichana waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za serikali.

Ninaandika haya nikiwa Bertrams, mtaa wa Johannesburg ulio karibu na uwanja wa Ellis Park, ambako Kiswahili husikika kwa ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Huku nako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961 iliandika vilevile: mvulana 18, msichana 15. Lakini kikwazo kinachowasumbua zaidi wazazi wageni ni karatasi, kwani mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa wala kibali alikuwa akirudishwa mlangoni pa shule. Wiki saba tu baada ya hukumu ya Rebeca, tarehe 12 Desemba 2019, mahakama ya Makhanda iliamua kwamba shule za serikali zisimkatae mtoto kwa kukosa hati. Mambo mawili tofauti, lakini dawa ilikuwa moja: mtu alikwenda kuuliza mahakamani.

Ninyi wa Oman mnaijua thamani ya jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa, wanafunzi 909, wote wavulana. Nchi ilipofunguka ikahitaji walimu, wauguzi na makarani wa kike, na wengi walitoka katika nyumba zilizorudi kutoka Unguja, ambako shule ya serikali ya wasichana ilianza mwaka 1927. Bibi aliyeachiwa kusoma Unguja ndiye aliyefundisha Maskati. Na Oman yenyewe, katika sheria yake ya mwaka 1997, iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, mpaka kadhi aruhusu vinginevyo.

Basi mkipigiwa simu, msiseme mtafikiri. Kusita huko nyumbani huhesabiwa kuwa kukubali, na mahari hupokewa kabla hamjapiga tena. Semeni wazi kwamba binti ni mwanafunzi, kwamba sheria inakataza, na kwamba ada ya muhula ujao itakuja. Kisha mwombeni mpewe binti mwenyewe kwenye simu, mmuulize mtihani wake wa kidato cha nne ni lini.