Sululu Aliyetoweka na Ushahidi wa Kabatini

Sululu mdomo-mwembamba, ndege aliyepitisha majira ya baridi katika maeneo ya majimaji kandokando ya Bahari ya Kati, alionekana bila ubishi kwa mara ya mwisho Februari 1995 huko Merja Zerga, pwani ya Moroko. Mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Viota vyake vilivyothibitishwa ni vile tu alivyovikuta mtaalamu wa ndege Ushakov karibu na mji wa Tara, Siberia, kati ya 1909 na 1925. Waliomtafuta baadaye walirudi huko wakaambulia patupu, ilhali ushahidi bora ulikuwa umelala katika makabati ya makumbusho.

Ngozi ya ndege iliyojazwa pamba, yenye kikaratasi cha tarehe na mahali mguuni, huhifadhi mengi kuliko aliyoyakusudia mwenye kuiandaa. Uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi katika maji ya mvua hutofautiana eneo hadi eneo. Kinda hula na kunywa vya pale alipoanguliwa, uwiano huo ukaingia katika manyoya yake ya kwanza, naye huhama akiwa bado nayo. Kwa hiyo sululu mchanga aliyepigwa risasi mbali kabisa na kwao bado ana alama ya mvua ya kwao. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima manyoya ya wachanga 35 ukaashiria kwamba kitovu cha uzazi kilikuwa nyika za kaskazini mwa Kazakistani. Tara huenda ilikuwa pembezoni tu. Na ni nyika hizo ambazo Wasovieti, kuanzia 1954, walizilima kwa wingi ili kupanda ngano.

Wapo watakaosema kwamba wakusanyaji wa ngozi hizo ndio waliommaliza. Kuua ndege ambaye tayari ni adimu hakuna utetezi, nami sitautafuta. Lakini uwindaji wa kitoweo na mchezo, ukaushaji wa mabwawa na jembe la trekta havikuacha hata unyoya wa kupimwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakusanyaji walifuata njia na bandari walizozizoea, tena sululu hawa hufanana na jamaa zao hata mtaalamu akakosea jina. Ni kweli, na ramani inayochorwa kwa vikaratasi pekee itapotosha. Hata hivyo, alama ya unyoya haitegemei bandari aliyoshukia mkusanyaji. Na jina likitiliwa shaka, ngozi hutolewa kabatini, mdomo ukapimwa upya. Ndege aliyeonwa kwa darubini akaruka zake hana nafasi hiyo.