Sheria za madini na lugha ya mchimbaji

MCHIMBAJI mdogo wa Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, hujadili leseni, mrabaha na mgawo wa mawe kwa Kiswahili na Kisukuma. Hata hivyo, Sheria ya Madini ya mwaka 1998, na ile ya 2010 iliyochukua nafasi yake, ziliandikwa kwa Kiingereza.

Sheria ya kwanza iliwafungulia milango wawekezaji wakubwa. Mgodi wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001.

Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, ukapanda hadi 4 mwaka 2010 na 6 mwaka 2017, mageuzi yalipoipa Serikali pia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa.

Asiyeweza kuisoma sheria hutegemea dalali au wakili amweleze haki yake, na mfasiri ndiye huwa na sauti.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Manufaa yake yataonekana pale mchimbaji atakapofika ofisi ya madini na kutaja kifungu kinachomlinda, bila mkalimani.