Dada uliyejiajiri, ni nani atakayekupa likizo?

Je, ni lini mara ya mwisho ulipofunga kazi ukakaa nyumbani siku nzima, si kwa sababu ya mgonjwa wala matanga, bali kupumzika tu? Ikiwa unauza mitumba Gikomba, una saluni mtaani, unashona nguo au unaoka keki nyumbani na kuziuza kwa simu, huenda ukahitaji kufikiri kitambo kabla ya kujibu. Wengine hawana jibu kabisa.

Wanawake wengi hujiajiri wakitumaini kuwa huru. Hawatakuwa na mkubwa wa kuwafokea wakichelewa, wala hawataomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Lakini hebu tazama mambo yalivyo baada ya mwaka mmoja au miwili. Yule aliyemkimbia mkubwa wa ofisini amempata mwingine mkali zaidi, asiyejua Jumapili wala sikukuu, na asiyetaka kusikia habari za kuumwa na kichwa. Mkubwa huyo ni yeye mwenyewe.

Mwenzako aliyeajiriwa ana sheria ya kumlinda. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hapa Kenya inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Mwanamke anayejifungua hupewa miezi mitatu. Hata akiugua, zipo siku anazolipwa akiwa kitandani. (Ni kweli kwamba si waajiri wote wanaoifuata sheria hiyo, lakini angalau ipo na mtu anaweza kuidai kortini.) Wewe uliyejiajiri utamdai nani? Ukifunga kibanda leo, leo huna kitu. Ukijifungua, wateja watakungoja wiki mbili tatu, halafu watazoea kununua kwingine.

Kwa hivyo sitakuambia kwamba hofu yako ya kupumzika ni ya bure. Mawaidha mengi yanayotolewa kuhusu jambo hili, ya kwenda kukandwa mwili au kutembea Naivasha mwisho wa wiki, yametungwa kwa watu wenye mshahara. Mwenye kibanda anajiuliza kwanza kodi ya nyumba itatoka wapi.

Chukua mfano wa mama muuza mboga. Anaamka saa kumi za alfajiri kuwahi Marikiti kabla bidhaa nzuri hazijaisha na bei kupanda. Kufikia saa mbili asubuhi amekwisha kubeba magunia, amepigana na utingo wa matatu juu ya nauli ya mzigo, na amepanga nyanya mafungu mafungu. Mchana kutwa yuko juani au katika vumbi. Jioni, watu wakitoka kazini, ndipo anapokatakata sukuma wiki bila kuinua kichwa. Anafunga saa tatu usiku. Je, amemaliza kazi? La, ndiyo kwanza anaanza zamu ya pili: kupika, kuangalia daftari za watoto, kufua sare. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Mama huyu akipata tano, hiyo ni sikukuu.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini hawakusema agaegae usiku na mchana.

Hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi si mchezo wala si uvivu. Mnamo mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu waliofanya kazi katika zahanati ya bure huko, waliojitolea kwa moyo wote hadi wakabaki kama jengo lililoteketea, kuta zimesimama na ndani mna majivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa ni matokeo ya mzigo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kupatiwa dawa. Halikuiita ugonjwa, lakini lilitaja dalili tatu: uchovu mkubwa, kuichukia kazi au kuitazama kwa dharau, na kupungua kwa uwezo wa kuifanya vizuri.

Unaweza kuzitambua dalili hizo kwako mwenyewe hata bila daktari. Mteja anauliza bei nawe unamjibu kana kwamba amekutukana. Unalala Jumapili mchana kutwa na kuamka umechoka vile vile. Zamani ulifurahi kuhesabu pesa za jioni. Siku hizi unazitia mkobani bila kuzitazama. Fundi anakata kitambaa cha watu kwa vipimo vya mtu mwingine. Msusi anasahau dawa ya kulainisha nywele kichwani mwa mteja hadi anapiga mayowe. Hapo ndipo ule ubishi wa kwamba huna nafasi ya kupumzika unapovunjika, kwa sababu uchovu wenyewe umeanza kula mtaji.

Lakini tahadhari. Si kila uchovu unaletwa na kazi. Upungufu wa damu, kisukari, malaria na hata mimba changa huweza kukufanya ujihisi hivyo hivyo. Shinikizo la damu nalo aghalabu halina dalili yoyote, na kipimo chake huchukua dakika chache tu. Ikiwa utapimwa mara kwa mara na kupata 140 juu ya 90 au zaidi, usiambiwe ni joto la jiji, mwone daktari. Na kama kwa majuma mawili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, hata watoto wako, au mawazo ya kufa yanakujia, mweleze daktari au mtu unayemwamini leo hii, wala usingoje biashara itulie.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mapumziko yana gharama, na gharama ya biashara huwekewa fungu lake kama vile kodi ya kibanda na kanjo. Tuseme faida yako, baada ya kutoa mali na nauli, ni shilingi 900 kwa siku. Ukiweka kando shilingi 150 kila siku kwa siku sita, siku ya saba imekwisha lipwa. Unakaa nyumbani na shilingi 900 zako mkononi, kama mfanyakazi yeyote wa ofisini. Je, 150 ni nyingi mno? Anza na 50, na baada ya siku 18 utakuwa umejinunulia siku moja. Muhimu ni pesa hizo zisichanganywe na za kununulia mali, wala zisikopeshwe shemeji.

Tazama pia daftari lako la mauzo ujue siku ipi ni hafifu. Mwenye saluni hapati mengi Jumatatu, lakini akifunga Jumamosi amejinyonga. Anayewauzia chakula watu wa ofisini anaweza kupumzika Jumapili bila hasara kubwa.

Ugonjwa nao uwekee akiba. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na asiye na mwajiri hukadiriwa ada isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambayo hulipwa kwa mwaka. Hiyo ni 3,600. Kuzitoa kwa siku moja ni vigumu, lakini kwa wiki ni kama shilingi 70 tu. Wengi hutaabika kwa sababu mtoto akilazwa, pesa za robota la mitumba ndizo huenda kulipa hospitali, na baada ya hapo mama huanza upya kwa mkopo, akikimbia mbio maradufu ya zamani.

Chama chenu nacho kinaweza kufanya zaidi ya kununua sufuria na mablanketi. Wanawake wawili wanaouza karibu karibu na wanaoaminiana wanaweza kulindiana kazi kwa zamu, huyu Jumanne na yule Alhamisi. Ukiweza kuajiri msichana wa kukusaidia, vyema zaidi, ila kumbuka kwamba sasa mwajiri ni wewe, na ile sheria ya siku moja katika saba inamhusu yeye pia.

Wale wanaouza kwa simu wana taabu yao ya peke yao, maana duka lao halina mlango wa kufungwa. Mteja anauliza bei ya viatu saa tano usiku, nawe unaogopa kwamba usipojibu atakwenda kwa mwingine. Andika saa zako za kazi mahali panapoonekana. Programu ya WhatsApp Business ina nafasi ya kuweka jibu linalojituma lenyewe ukiwa umefunga. Mteja mwingi anayeuliza saa tano hakusudii kununua kabla ya kesho. Amekosa usingizi tu, na hakuna haja ya kumwazima wako.

Tusisahau mlango wa nyumbani. Siku ya mapumziko inayotumiwa kufua mablanketi ya wiki nzima si mapumziko, ni kubadilisha kazi. Akina baba mnaosoma ukurasa huu, mnajua kwamba pesa za kibanda hicho ndizo hununua unga mshahara unapokwisha tarehe 20. Kuosha vyombo na kuwalaza watoto hakumpunguzii mwanamume heshima hata kidogo, na jirani atakayecheka mwacheni acheke.

Nanyi wanafunzi mlio nyumbani wakati huu wa likizo, mnaoamka saa tatu na kukuta chai mezani, mwulizeni mama siku yake hafifu ni ipi. Siku hiyo mwombeni awape bei za bidhaa na majina ya wenye madeni, mwende kibandani asubuhi, na simu yake mwende nayo, kwa sababu akibaki nayo hatalala.