Masimulizi ya Wazee wa Uluguru Yarekodiwe Sasa

Historia ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa upande wa makaratasi haina taabu kuisoma. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha stashahada, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo mwezi Aprili mwaka ule ule.

Tusichokipata kwa urahisi ni kauli ya wakulima waliokuwa na mashamba yao katika milima ya Uluguru kabla ya chuo kuwapo. Nao wana la kusema. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule usiofaa ukabaki juu. Mwaka 1955 upinzani ulizuka kuwa ghasia, na mpango ukaachwa. Miaka 10 baadaye, chini ya milima hiyo hiyo, chuo cha kilimo kikafunguliwa.

Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati wa ghasia zile, leo ana miaka 80 au zaidi. Bwana shamba kijana anayepanda mlimani kuhimiza matuta, akakuta wenyeji wamenyamaza, hudhani ni ukaidi. Huenda ni kumbukumbu, na hakuna aliyemsimulia.

Kwa maoni yetu, kosa la kwanza la warekodi wengi ni kuwafuata wazee wanaume peke yao. Kwa Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Basi anayejua shamba lipi lilikuwa la nani, na mbegu ipi ilitoka wapi, mara nyingi ni bibi aliyeketi jikoni. Wasisahauliwe pia wachungaji wa mazizi ya chuo, wapishi wa mabweni na madereva wa matrekta. Hotuba za wakuu zimekwisha kuhifadhiwa. Za hawa bado.

Familia zenye wazee huko zinaweza kuanza likizo hii hii, kwa simu ya mkononi. Mzee aombwe ridhaa kwanza, na akisema jambo fulani lisitoke nje, lisitoke. Zitajwe mwanzoni tarehe, jina lake na kijiji. Aachwe aseme Kiluguru akitaka, kwani majina ya udongo na magugu hupotea yakifasiriwa harakaharaka. Aulizwe kazi ya siku moja, tangu alfajiri hadi jioni, wala asiulizwe "historia", neno ambalo huwafunga wengi midomo.

Nakala moja ibaki nyumbani. Ya pili, mwenyewe akiridhia, ipelekwe Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyomo chuoni humo humo.