Kuongea kwa Maandishi katika Mtandao

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kompyuta zikiunganishwa pamoja hufanya mtandao. Katika somo hili tutajifunza jinsi watu wengi walio mbalimbali wanavyoweza kuongea kwa maandishi kwa wakati mmoja, kwa njia iitwayo IRC.

Bila shaka umewahi kutazama mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza humkabidhi kijiti wa pili, naye humkabidhi wa tatu, mpaka kijiti kifike mwisho. Ujumbe wa IRC husafiri kwa namna hiyo. Herufi hizo tatu ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya maongezi ya kupokezana katika intaneti. Njia hii ilibuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Ufini, mwezi wa Agosti 1988. Hadi leo ingali inatumika.

Jinsi ujumbe unavyosafiri

Kompyuta inayopokea ujumbe na kuugawa kwa wengine huitwa seva. Seva kadhaa zikiunganishwa hufanya mtandao mmoja wa IRC. Fanyeni jaribio lifuatalo ili mwone kazi yake.

Jaribio

Vifaa: karatasi na penseli.

1. Chagueni wanafunzi wanane. Mmoja awe Seva A, mwingine awe Seva B. Watatu wakae karibu na Seva A, na watatu karibu na Seva B.
2. Mwanafunzi mmoja wa upande wa A aandike ujumbe mfupi na kumpa Seva A.
3. Seva A aunakili ujumbe huo mara tatu. Nakala mbili awape wenzake mwandishi, na nakala moja ampe Seva B.
4. Seva B naye anakili na kuwapa wanafunzi wake watatu.

Mmeona nini? Watu watano wamepata ujumbe, lakini ni nakala moja tu iliyovuka kutoka A kwenda B. Kwa hiyo njia ndefu baina ya seva haijazwi nakala nyingi za ujumbe uleule.

Sasa rudieni jaribio, lakini Seva A na Seva B wasipeane chochote. Wanafunzi wa A wataendelea kuongea wao kwa wao, na wa B vivyo hivyo, ila upande mmoja hautausikia mwingine. Jambo hili hutokea kweli katika IRC. Kiungo baina ya seva mbili kikikatika, kila upande huona kana kwamba wale wengine wameondoka ghafula, ingawa kila mtu bado amekaa mbele ya kompyuta yake.

Jinsi ya kuanza

Fanya kazi hii pamoja na mwalimu au mzazi wako.

Kwanza, kompyuta yenye Windows inahitaji programu ya IRC. Mojawapo ni mIRC, iliyotungwa na Khaled Mardam-Bey na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1995.

Pili, chagua lakabu, yaani jina la kujitambulisha. Lakabu haina nafasi katikati, wala haianzi na tarakimu. Katika mtandao mmoja, watu wawili hawawezi kutumia lakabu moja kwa wakati uleule.

Tatu, andika anwani ya seva. Kwa mfano, mtandao wa Libera.Chat, ulioanzishwa mwaka 2021, una anwani irc.libera.chat. Tumia mlango namba 6697, ambao huficha maandishi yanapokuwa njiani kati ya kompyuta yako na seva.

Nne, ingia katika chaneli. Chaneli ni kama chumba cha maongezi, na kwa kawaida jina lake huanza na alama ya reli. Maneno yote utakayoandika humo huonekana na wote waliomo.

Ili kuiamuru programu, tunaanza mstari kwa alama ya mkwaju:

/join #bustani – kuingia katika chaneli iitwayo bustani
/nick – kubadili lakabu. Andika lakabu mpya mbele yake
/msg – kumwandikia mtu mmoja tu. Taja lakabu yake, kisha ujumbe
/part – kutoka katika chaneli
/quit – kuondoka kabisa

Angalia sana! Mkwaju uwe alama ya kwanza katika mstari. Ukiusahau, programu haitajua kuwa umetoa amri. Huenda ikayapeleka maneno yako kwa chaneli nzima. Watu wamewahi kufichua neno lao la siri kwa kosa dogo kama hilo.

Faida na hatari

Mwezi wa Agosti 1991 kulitokea jaribio la kuipindua serikali ya Umoja wa Kisovyeti. Waliofanya jaribio hilo walizibana redio, televisheni na magazeti. Hata hivyo, habari kutoka Moscow ziliwafikia watu wa nchi nyingine kupitia IRC. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini njia inayobeba habari za kweli hubeba na uongo pia. Lakabu haikuonyeshi uso wa mtu. Anayejiita mtoto huenda akawa mtu mzima mwenye nia mbaya. Kwa hiyo shika kanuni hizi:

1. Usitaje jina lako kamili, shule yako, mahali unapoishi wala namba ya simu.
2. Usikubali kukutana na mtu uliyemjua kwa lakabu tu.
3. Usifungue faili uliyotumiwa na mtu usiyemfahamu.
4. Mtu akikuambia ufiche maongezi yenu, mwambie mzazi au mwalimu mara moja.

Kumbuka pia kwamba programu ya msomaji yeyote inaweza kuhifadhi maneno yako. Ukiondoka, maneno hayo hayaondoki nawe.

Maswali

1. Seva hufanya kazi gani?
2. Kwa nini katika jaribio nakala moja tu ilivuka kutoka Seva A kwenda Seva B?
3. Rafiki zako watano wametoweka kwa pamoja katika chaneli. Eleza sababu inayowezekana.
4. Kuna hatari gani ukisahau mkwaju unapotaka kutuma ujumbe wa siri?