Za Mwizi Arobaini: Columbo na Thérèse Raquin

Methali yetu yasema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Kazi mbili zimenifanya niitafakari upya: Columbo, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa kwa mfululizo mwaka 1971, na Thérèse Raquin, riwaya ya Émile Zola iliyotoka Ufaransa mwaka 1867.

Zote mbili humwonyesha muuaji mapema. Kwa hiyo hatuulizi ni nani aliyeua, bali ukweli utadhihirika kwa njia gani. Katika Columbo, muuaji aghalabu ni tajiri wa Los Angeles, mwenye elimu na majivuno. Mpelelezi, aliyeigizwa na Peter Falk, huja na koti lililokunjamana, akijifanya mjinga. Huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka na kuuliza jambo moja zaidi. Hapo arobaini ya muuaji huanza kutimia, na mtazamaji hulala ametulia.

Zola hatupi utulivu huo. Laurent anamzamisha Camille, mume wa Thérèse, katika mto Seine, na watu wanaamini kuwa ni ajali. Baadaye wapenzi hao wanaoana. Michaud, kamishna mstaafu wa polisi, huja kwao kila Alhamisi kucheza domino, wala hashuku lolote. Anayekuja kuujua ukweli ni Mama Raquin, mzazi wa Camille, lakini amekwisha kupooza mwili na ulimi. Usiku mmoja, mbele ya wageni, anajikaza kuandika kwa kidole juu ya meza. Majina ya wauaji yanasomeka. Mkono unalegea kabla ya kutaja kosa. Mgeni mmoja anafasiri kwamba mama anawasifu kwa kumtunza vema.

Kwangu mimi, ukurasa huo unatisha kuliko mauaji yenyewe. Ukweli upo mezani, polisi yupo mezani, na haki haipatikani. Mwishoni Thérèse na Laurent, waliochoshwa na hofu na kuchukiana, wanakunywa sumu pamoja, na mama anawatazama kimya usiku kucha. Arobaini yao imefika, ila si kwa mkono wa sheria.

Columbo anaithibitisha methali. Zola anatulazimisha tuulize ni nani anayezihesabu siku hizo, na kama anayezijua anao ulimi wa kuzitaja.